Zamu ya Mchana

Shule ilipotangaza kwamba zamu ya mchana imefutwa, kitongoji kizima kilishangilia, na Mama Kola naye akapiga makofi pamoja na wenzake. Angefanyaje? Mkutano wa wazazi ulikuwa umefurika mpaka watu wanachungulia madirishani, mwalimu mkuu amesimama mbele na shati lake jeupe, jengo jipya la ghorofa liko nyuma yake bado linanuka rangi, na kila mmoja anamshukuru Mungu kwa sauti. Anayekunja uso siku kama ile lazima aulizwe ana nini. Basi akapiga makofi, akatabasamu kila alipotazamwa, na moyoni akajisemea kwamba nyumba yake imekwisha.

Si kwamba alikuwa adui wa maendeleo. Shule ile aliijua ndani nje. Ilianzia kwenye ghala la mbolea, enzi hizo kitongoji kikiwa vichaka na nyumba za kuhesabu kwa vidole, baada ya chama cha wakulima kufilisika na kuliacha ghala tupu. Wanafunzi wa kwanza walikalia magunia na kurudi makwao wananuka mbolea, na watoto wa shule za mjini wakawa wanaziba pua wakiwaona. Halafu mji ukawafuata huko huko. Viwanja vikapimwa, nyumba zikabanana, watoto wakayazidi madawati, ndipo zikaja zamu: nusu ya watoto asubuhi, nusu mchana, dawati moja lina wenyewe wawili wasiojuana. Wakubwa walisema ni kwa muda tu. Huo muda ulimkuta Mama Kola akiwa mwanafunzi, ukamwacha ana watoto wake wawili kwenye shule ile ile.

Ila nyumbani kwake zamu ndiyo iliyokuwa imeishikilia nyumba isianguke. Binti yake mkubwa, ambaye wote walimwita Dada, alikuwa darasa la saba na alisoma asubuhi. Mdogo wake, Kadogo, alikuwa darasa la tatu na alisoma mchana. Dada akirudi alimkuta Kadogo mlangoni, sare mwilini na begi mgongoni. Huyu anaingia, huyu anatoka, mara nyingi bila hata salamu. Kisa cha kupokezana huko alikuwa bibi yao, mama mzazi wa Mama Kola, ambaye hakufaa kuachwa peke yake hata kwa muda wa kwenda dukani na kurudi.

Bibi huyo aliitwa Mwalimu. Kitongoji kizima kilimwita hivyo, na mwanawe pia, kwa sababu alipoanza darasa la kwanza alipigwa marufuku kumwita mama mbele ya wenzake, na ulimi ukazoea. Yeye ndiye aliyefungua shule ya ghalani, peke yake, na ubao mmoja uliopasuka. Sasa akili yake ilikuwa na siku zake. Siku nzuri alikaa kibarazani akisahihisha matamshi ya wapita njia. Siku mbaya aliwasha jiko akaenda kulala, au alitoka bila viatu akafuata barabara yoyote iliyokuwa mbele yake. Mara moja walimkuta kwenye kituo cha mafuta akiwaamrisha madereva wapange mstari kwa urefu. Watu walicheka mpaka machozi, Mama Kola akacheka nao, kisha akaenda nyumbani, akajifungia bafuni akalia.

Walichojua majirani ni kwamba Mwalimu amezeeka na ana vituko. Hawakujua mengine, na Mama Kola alihakikisha hawajui. Aliona haya kwa niaba ya mama yake. Mtu aliyewafundisha nusu ya wakazi kushika kalamu, leo isemwe kwamba anachungwa kama mtoto anayetambaa? Hapana. Mumewe, dereva wa lori la safari ndefu ambaye alionekana nyumbani kama mgeni, alikubaliana naye: mambo ya ndani yabaki ndani.

Wiki ile ile ya mkutano, Mama Kola alijikaza akaenda ofisini kwa mwalimu mkuu. Alipokelewa vizuri. Mwalimu mkuu, ambaye naye alifundishwa na Mwalimu kusoma, alisimama, akamvutia kiti, akauliza hali ya mama yetu. Mama Kola akajibu kwamba mama yetu hajambo, anakula, analala. Karani alikuwa pale akichapa, na kwenye benchi la ukutani walikaa wazazi waliokuwa wakisubiri zamu yao, masikio yamesimama.

"Nilikuwa na ombi dogo," alisema. "Kadogo aendelee kuja mchana. Kwa muda."

Mwalimu mkuu alidhani anatania. Alipoona hacheki, akaweka kalamu mezani.

"Afundishwe na nani mchana, dada yangu? Mchana hapatakuwa na mtu hapa."

"Hata kama ni kukaa tu nyuma kwenye darasa lolote."

"Miaka yote hii tumepigania zamu ziishe, wewe ndiye unazililia? Mtoto wa Mwalimu?" Alicheka kwa upole, na wale wa benchini wakamsaidia kucheka. "Wengine watasemaje wakikusikia?"

Hapo ndipo alipotakiwa kufungua mdomo. Neno lilifika kwenye meno. Akamtazama karani, akawatazama wa benchini, akalimeza. Alisema ni kweli, alikuwa anafikiria tu habari za usafiri, na mwalimu mkuu, ingawa alijua kwamba nyumba yao iko mwendo wa kutembea, hakumuumbua. Badala yake alimpa habari njema: siku ya kufungua jengo rasmi angesoma historia ya shule, na Mwalimu angekaa mstari wa mbele pamoja na mgeni rasmi. Mama Kola alishukuru sana. Alitoka akiwa amebeba heshima aliyopewa na shida yake aliyokwenda nayo.

Kiwandani hakukuwa na heshima ya kubeba. Kiwanda kilishona mashati, na kila mshonaji kwenye mstari alikuwa na kipande chake: huyu mikono, yule mifuko, mwingine vifungo. Yeye alikuwa wa kola, toka asubuhi mpaka jioni, kola juu ya kola, na ndiko alikolitoa jina. Alipomwomba msimamizi aruhusiwe kuwa anaingia mchana, watoto wakisharudi, msimamizi alimwonyesha mstari kwa kidevu tu. Mtu wa kola asipokuwepo, wa mikono anakaa bure. Wa mikono akikaa bure, wa vifungo anapiga miayo. Nje ya geti palikuwa na wanawake waliokuja kila Jumatatu kuulizia kazi. Msimamizi hakuwataja. Hakuwa na haja.

Jirani wa mlango wa pili alijaribiwa kwa siku moja. Alikwenda kuanua nguo, aliporudi Mwalimu amemwaga unga wote sakafuni na anauchora herufi kwa kidole. Jirani hakugombana na mtu, ila kesho yake alikumbuka kwamba ana mgonjwa wa kumhudumia mahali fulani. Kuajiri mtu walipiga hesabu, hesabu ikakataa. Mumewe, kwenye simu iliyokuwa ikikatikakatika, alisema, "Fanya unavyoona wewe," maneno ambayo Mama Kola aliyachukia kuliko matusi.

Akafanya alivyoona. Jumapili jioni aliwaita mabinti zake wote wawili, Mwalimu akiwa amekwisha kulala, akawaambia kwamba Dada ataendelea na shule kwa sababu ana mtihani wa mwisho, na Kadogo atabaki na bibi.

"Basi nibaki mimi," Dada alisema.

"Wewe una mtihani."

"Mama, Kadogo hajui hata kugawanya."

"Atajua. Bado mdogo, ana wakati wa kufidia."

Kadogo alikuwa anafuatilia maneno yao kwa macho. Hakulia, wala hakubisha. Aliuliza tu, "Mpaka lini?"

"Mpaka tupate mtu."

"Mtu gani?"

Mama Kola alimwambia akanawe miguu akalale. Shuleni alipeleka habari kwamba mtoto anasumbuliwa na kifua, na Kadogo akafundishwa kwamba yeyote akiuliza, jibu ni kifua. Mtoto alilishika jibu lile haraka, kama alivyoshika mengine yote aliyofundishwa, na wepesi huo ulimchoma mama yake.

Siku ya kufungua jengo walipelekwa mstari wa mbele wote wanne. Mwalimu alikuwa amevaa gauni lake la bluu na viatu vya kufunga, na ilikuwa siku nzuri. Alisalimia, akajibu, akashika mikono ya watu wazima waliokuwa wakimwamkia shikamoo huku wamepinda magoti kama wanafunzi. Mama Kola alianza kupumua.

Mwalimu mkuu alisoma historia. Alilieleza ghala, magunia, harufu, watu wakacheka kwa sababu wengi walisomea humo. Akaeleza bati lililong'oka kwa upepo na darasa likaendelea. Kisha akamfikia Mwalimu. Alisema kwamba zamani zile wazazi hawakuiamini shule ya kwenye ghala, waliwabakiza watoto nyumbani kuchunga wadogo zao au kuuza maandazi. Mtoto asipoonekana, Mwalimu alimkabidhi kiranja darasa, akaenda mlango kwa mlango mpaka ampate. Alimshika mkono, akamleta, na hakumwachia mpaka mzazi aje mwenyewe aahidi kwa kinywa chake, mtoto akisikia, kwamba hatamzuia tena.

"Nani hapa aliwahi kukamatwa?" mwalimu mkuu aliuliza, akainua mkono wake mwenyewe kwanza.

Mikono ikainuka huku na huko, mingine ya watu wenye mvi, na uwanja ukalipuka kwa vicheko na makofi. Mama Kola aliinamisha uso kana kwamba anatafuta kitu mkobani. Pembeni yake Kadogo aliketi wima, mikono mapajani, akisikiliza kila neno. Mwalimu mwenyewe alisikiliza kama anayesimuliwa habari za mtu mwingine anayempenda. Makofi yalipotulia alimgeukia mgeni rasmi, akamtazama kiunoni, akamwambia, "Chomekea shati." Mgeni rasmi alichomekea. Kwa kicheko kilichofuata ungedhani ni kipengele kwenye ratiba.

Wakati wa kuagana mwalimu mkuu alimshika Kadogo bega.

"Na huyu mgonjwa wetu? Umepona?"

Kadogo alimtazama mama yake, kisha akakohoa. Kikohozi cha kutunga, kimoja, kikavu. Mwalimu mkuu akasema pole mwanangu, na Mama Kola akatamani ardhi ipasuke. Njia nzima hakuweza kumtazama mtoto usoni. Alijiambia ni wiki moja zaidi, mbili labda, atapatikana mtu, na alijua wakati anajiambia kwamba anajidanganya.

Jumatatu yake, rundo la kola likiwa limefika kifuani, msimamizi alikuja mwenyewe kwenye mashine. Simu za wafanyakazi zilifungiwa kabatini saa za kazi, kwa hiyo simu yoyote iliyopitia ofisini ilikuwa ya msiba au ya moto.

"Shuleni kwa mtoto wako wanakutaka. Wanasema uende sasa."

Kichwani aliliona jiko, akaiona barabara kuu, akamwona Kadogo anakimbia nyuma ya bibi yake katikati ya magari. Aliinuka, kola aliyokuwa akiishona ikabaki chini ya sindano.

"Ukitoka sasa," msimamizi alisema, si kwa ubaya, "kesho usije kuniambia sikukuonya."

Alitoka. Sehemu alikimbia, sehemu alitembea akijishika ubavu, na alipoingia getini mwa shule hakusikia kilio wala hakuona kundi la watu, ndipo akashukuru, akapunguza mwendo.

Walikuwa mbele ya lile ghala la zamani, ambalo siku hizi lilihifadhi madawati mabovu likisubiri kubomolewa. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni na viatu vyake vya kufunga, mkono mmoja ukigonga bati, mwingine umemshika Kadogo. Mtoto alikuwa na sare. Vifungo vilikuwa vimefungwa upande upande, kola imesimama nusu. Mtu mwingine ndiye aliyemvalisha. Mwalimu mkuu alisimama kando, mikono nyuma, hajui afanye nini. Madirisha yote ya jengo jipya yalikuwa yamejaa vichwa.

Mwalimu mkuu alimfuata haraka, akamweleza kwa sauti ya chini. Wamefika tangu asubuhi. Mwalimu anataka ghala lifunguliwe. Wamemwomba amwachie mtoto aingie darasani, amekataa katakata. Mtoto aliyekutwa nyumbani, amesema, haachiwi mpaka mzazi wake aje. Kadogo naye wamemuuliza ilikuwaje, amesema bibi alimuuliza kwa nini hayuko shule, na yeye alichoka kusema kifua.

"Wewe ndiye mzazi?" Mwalimu aliuliza.

Mama Kola alimtazama machoni, akitafuta dalili yoyote. Macho ya mama yake yalikuwa makali, mazima, na hayakumjua.

"Ndiyo, ni mimi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mtoto huyu anaumwa?"

"Haumwi, Mwalimu."

"Basi anafanya nini nyumbani saa hizi?"

Mwalimu mkuu alipiga hatua moja, akataka kuingilia kati, akainuliwa kiganja, akarudi alipokuwa. Mama Kola alihisi macho ya madirisha yote mgongoni. Alikuwa amelimeza neno hili mara nyingi kiasi kwamba aliogopa halitatoka.

"Anamwangalia bibi yake," alisema. "Mimi niko kazini, na bibi yake hawezi kuachwa peke yake."

"Ni mama yako huyo bibi?"

"Ni mama yangu."

"Anaumwa nini?"

"Anasahau, Mwalimu. Anasahau jiko, anasahau njia. Siku nyingine anatusahau sisi."

Uso wa Mwalimu ukalainika.

"Pole, mama. Pole sana. Ni kazi ngumu hiyo." Kisha akaunyosha mgongo. "Lakini huyo ni mama yako wewe. Huyu mtoto ana zamu yake hapa. Sasa niambie, naye akisikia. Kesho atakuja?"

"Atakuja."

"Na kesho kutwa?"

"Atakuja kila siku, Mwalimu. Sitamzuia tena."

"Umesikia?" Mwalimu alimuuliza Kadogo, na Kadogo akaitikia kwamba amesikia. Hapo tu ndipo vidole vya bibi vilipofunguka. Mama Kola aliinama, akamfungua mwanawe vile vifungo, akamfunga upya kimoja kimoja, akailaza kola. Mtoto alisimama kimya mpaka kazi ikaisha, kisha akakimbilia darasani bila kuaga, kama anayehofia watabadili mawazo.

"Kwa nini hukuniambia siku ile?" mwalimu mkuu alinong'ona.

"Ningekuambia mbele ya nani?"

Mwalimu mkuu akainamisha kichwa. Alisema ataongea na kamati, pengine kuna mzazi mmoja, pengine kuna namna. Mama Kola alimshukuru kwa dhati, maana alikuwa anasema kwa nia njema. Lakini ahadi aliyompa Mwalimu ilikuwa yake mwenyewe, si ya kamati. Kesho angebaki nyumbani yeye, kola za kiwanda zingeshonwa na mmoja wa wale wa getini, na mumewe angepigiwa simu aambiwe, bila kuulizwa. Nyumbani kulikuwa na cherehani ya mkono. Wangeishi kwa kubana, kwa kukopa, kwa kushona viraka vya watu. Alishangaa kuona kwamba haogopi kama alivyodhani angeogopa.

Mwalimu alikuwa anajipapasa mfukoni, akitafuta kitu, mara akashtuka.

"Nami niende," alisema. "Nimechelewa mno leo. Nina wangu nyumbani, hajafika umri wa shule. Nimemfungia mlango kwa nje tangu asubuhi."

Mama Kola alisimama pale pale. Alikuwa ameusahau ule mlango, au alidhani ameusahau: mwanga uliopita chini yake, kikombe cha chai kilichoachwa juu ya kigoda, sauti za watu wakipita nje, na asubuhi ndefu isiyoisha wakati mama yake anakwenda mlango kwa mlango kuwatafuta watoto wa wengine. Historia iliyosomwa uwanjani haikuwa na habari hiyo. Hakuwahi kumlaumu mtu kwa ajili yake. Hakuwahi pia kujua kwamba kuna mwingine anayeikumbuka.

"Usiwe na wasiwasi, Mwalimu," alisema. "Atakuwa ametulia. Amezoea."

Mwalimu alimtazama kwa huruma, jinsi mtu mzima anavyomtazama mzazi ambaye bado ana mengi ya kujifunza.

"Hakuna mtoto anayezoea, mama. Ananyamaza tu."

Alikuwa amekwisha kuanza kuondoka, kwa hatua fupi za haraka. Mama Kola akamfikia, akamshika mkono, na wakatoka getini pamoja kwenda kumfungulia mtoto mlango.